Kifua cha Emsii wa Matanga

Kama una mtu wako aliyezikwa kati ya Homa Bay na Migori miaka hii ya karibuni, basi pengine umewahi kunyamazishwa na baba yangu. Alikuwa emsii wa matanga. Yeye alishika maiki, mimi nikashika jenereta. Tulikuwa na hema tatu, spika mbili zenye urefu wa mtoto wa darasa la nne, na viti vya plastiki vya rangi ya buluu ambavyo kila kimoja kilikuwa na maandishi meupe mgongoni: PUMZIKA KWA AMANI. Wazo hilo la maandishi lilikuwa langu. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nilijiona nina akili ya biashara kuliko waliobaki darasani. Nilimwambia baba kwamba viti vyetu havitaibiwa kamwe, kwa sababu ni mwizi gani atakayekaribisha wageni sebuleni kwa kiti cha namna hiyo? Na kweli, hatukupoteza hata kimoja.

Matanga ya kwetu si jambo la kuharakisha. Huongea watu wa ukoo, watu wa kanisa, watu wa chama, mtu aliyesoma na marehemu darasa la tatu, na mtu ambaye hakuwahi kumwona marehemu ila aliwahi kuazima jembe lake. Halafu saa saba hivi huingia mheshimiwa na magari yake, anasema hakuja kufanya siasa, na anaongea juu ya barabara kwa dakika arobaini. Baba aliwaweza wote. Alikuwa na sheria zake za kazi, na alinifundisha kama katekisimu: emsii halii, emsii hapokei simu, emsii hachoki mbele ya wafiwa. Mimi niliziamini. Nilikuwa na ndoto ya kuwa mtangazaji wa redio, na baada ya hapo kufungua hoteli ndogo kisiwani Takawiri penye ule mchanga mweupe, nikaona sheria hizo zitanifaa kote kuwili.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, ghafla, mshipa wa kichwa. Tulikuwa Migori kwenye tanga la mzee mmoja tusiyemjua. Simu yangu niliiacha nyumbani ikichajiwa. Tuliporudi jioni na lori la viti, tuliwakuta majirani wamejaa uani.

Watu walijiuliza nani atakuwa emsii. Baba alisema atafanya mwenyewe, kwamba hawezi kumkabidhi mke wake kwa mtu anayeshindwa kusoma saa. Na alifanya vizuri, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alitambulisha wageni kwa ngazi zao. Alimkatiza shemeji yake katikati ya shairi. Ilipofika zamu iliyoandikwa kwenye programu "Mume wa marehemu, dakika tano", mheshimiwa alikuwa ameshakula muda wote, na baba akatazama saa yake, akasema kwenye maiki, "Kwa sababu ya muda, mume wa marehemu anasema asanteni." Watu wakapiga makofi. Wazee walitikisa vichwa wakisema huyo ndiye mwanamume. Hata mimi nilijaa fahari, huku machozi yakinidondokea kwenye jenereta.

Wiki sita baadaye kifua kikaanza.

"Ni kama kuna kitu kinatetemeka hapa," aliniambia, akigusa kushoto, juu kidogo ya chuchu. "Kinatetemeka, kinaacha. Kinatetemeka tena."

Chakula kikamshinda. Alikuwa mtu wa kumaliza samaki wa ngege na kichwa chake na kunyonya hata miiba, sasa alikuwa anauzungusha ugali kwenye sahani kama anatafuta kitu kilichompotea ndani yake. Suruali zilimlegea. Kusimamisha nguzo moja ya hema kulimtoa jasho na pumzi. Mimi niliyezika watu wengi kwa jenereta nilijua vizuri hiyo njia inaelekea wapi. Nikaanza kuogopa.

Tulianzia duka la dawa pale Magunga, kwa kijana mmoja mwenye koti jeupe na uhakika mwingi. Hakumgusa baba. Alimtazama kutoka upande wa pili wa kaunta akasema ni taifodi. Kwetu taifodi ni kama ukoo, kila mtu ana jamaa ndani yake. Kichwa kikiuma ni taifodi, goti likiuma ni taifodi iliyoshuka. Baba alimeza vidonge vikubwa kama maharagwe kwa siku kumi na nne. Kitu kiliendelea kutetemeka, na sasa alikuwa na tumbo la kuendesha juu yake.

Mimi nami sikukaa bure. Nilinunua bando nikaiuliza simu. Nikaandika: uchovu, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kukosa usingizi. Simu ikafikiri kidogo, halafu ikaniuliza kama mgonjwa amechelewa kuona siku zake. Niliifunga nisije nikampelekea baba habari ambazo moyo wake usingeziweza.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja na jibu lake tayari kwenye mkoba. Alisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko. Baba alikuwa amefungua kwa mkono wake hema la mazishi ya mke wake, na mfiwa hafungui hema lake mwenyewe. Mwiko huo nilikuwa sijawahi kuusikia, na nadhani hata yeye aliusikia asubuhi hiyo akiwa njiani, maana mababu zetu hawakuzikana chini ya turubai. Lakini shangazi habishiwi. Alituongoza hadi Migori, kwa mganga aliyesifika kwa sababu alitoka ng'ambo ya mpaka. Sisi tunaamini sana dawa za Tanzania. Nimeambiwa kwamba wao huko wanaamini sana dawa za Kenya, kwa hiyo pale mpakani waganga hupishana kila asubuhi kama walimu wanaokwenda kazini. Baba alikunywa maji machungu kwenye kibuyu, akaoga mengine, akarudi nyumbani akinuka kama zizi la mbuzi. Shangazi alisema rangi ya uso imerudi. Ilikuwa ni ile dawa, haijakauka.

Haya yote ninayacheka leo. Wakati ule nilikuwa nikimsikia akikohoa chumbani nakaa kitandani nasubiri akohoe tena, nipate kujua bado yupo.

Kilichotupeleka hospitali ni tanga moja huko upande wa Ruma. Baba alikuwa anamtambulisha mjane aje aongee. Alisema, "Sasa tunamkaribisha," na hapo akakwama. Maiki iko mdomoni, mkono wa kushoto uko kifuani, macho yameganda kwenye jeneza. Waombolezaji walidhani ametangaza dakika moja ya kunyamaza. Wanaume wakavua kofia. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, mtoto akalia akazibwa mdomo, na watu wakaanza kusifiana kwa macho kwamba huyu emsii ana heshima. Kufikia ya tatu niliona jasho limemlowesha shati hadi kiunoni. Nikazima jenereta, nikapita katikati ya watu, nikamshika mkono. Kulikuwa na mchungaji pale, akaendeleza ibada kwa sauti ya mdomo mtupu. Baadaye nilisikia familia ilisema yale yalikuwa matanga bora kuliko yote waliyowahi kuhudhuria.

Katika hospitali moja ya mjini Homa Bay walimlaza kitandani wakambandika zile nyaya za kupima moyo. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa na uzi, aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema moyo unapiga vizuri. Halafu akampima presha, akapima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa juu sana.

"Mzee, dawa za presha unameza?"

Baba alinitazama kabla ya kumjibu. Kwa miaka mingi alikuwa na vidonge vyake, mama ndiye aliyemwekea kwenye kisosi kila asubuhi karibu na chai. Alisema tangu mazishi amekuwa akisahau. Daktari akauliza kama amesahau au ameacha. Baba akasema ni kitu kimoja. Daktari akasema si kitu kimoja, na hakukasirika alipoyasema hayo, ndiyo sababu nilianza kulia pale pale nikijifanya natafuta kadi ya hospitali.

Alimuuliza kama analala. Akamuuliza ni nani aliyefariki, na lini, na yeye alilia vipi. Baba akajibu kwamba alikuwa kazini. Basi daktari akamwandikia dawa za presha, na chini yake akaandika kitu kingine, akatuelekeza mlango wa mwisho upande wa kulia. Tulipofika, baba alisoma kibao juu ya mlango: Kliniki ya Afya ya Akili. Aligeuka kama askari.

"Mimi naugua kifua," alisema. "Huko ni kwa watu wanaookota makaratasi."

Nyumbani alimeza vidonge siku tatu. Siku ya nne nilivikuta kwenye kisosi, na nzi juu yake. Mimi si mtu wa kumgombeza baba, kwetu mtoto hafanyi hivyo, lakini nilikaa chini sakafuni mbele ya kiti chake nikamwambia, "Baba, mimi nimebaki na wewe tu. Nikikuzika wewe, nani atawasha jenereta?"

Baba akasema shida si mlango, shida ni njia ya kufika mlangoni. Hapo alisema kweli. Mtu mwingine angeweza kujipenyeza, lakini baba alikuwa amezika jamaa za nusu ya mji. Kuanzia getini hadi duka la dawa la hospitali ni "Emsii, habari," "Emsii, ulimzika vizuri mjomba." Wangemwona anaingia kule, na kufikia jioni habari ingekuwa imefika Mbita kwamba emsii wa matanga amerukwa na akili, na nani atampa maiki mwendawazimu?

Suluhisho lilikuwa langu tena, kwa hiyo nisimlaumu mtu. Nilimwambia abebe kiti. Mtu mwenye kiti kichwani haulizwi anaenda wapi, anaonekana yuko kazini. Basi Alhamisi iliyofuata baba alipita katikati ya hospitali na kiti cha buluu kichwani, akiitikia salamu, mimi nyuma yake nimebeba daftari kana kwamba nitasaini mzigo, tukaingia mlango wa mwisho upande wa kulia. Kutoka nacho kungeleta maswali, kwa hiyo tulikiacha.

Kaunsela alikuwa msichana wa rika langu, mwenye viatu vya kukimbilia na sauti ndogo. Baba alimwita nyathina, mwanangu, na papo hapo akachukua uongozi wa kikao. Alifungua kwa sala. Aliwatambua wote waliohudhuria, yaani mimi na kaunsela. Akamwambia ana dakika tano. Msichana wa watu akasema asante, akakaa kimya dakika zote tano, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza mtu aliyemzidi baba kwa mbinu. Wiki ya pili baba alieleza kwa kirefu jinsi ya kupanga viti mteremkoni. Alhamisi ya tatu, kiti cha tatu, yule kaunsela akamuuliza juu ya kule kutetemeka. Kinatetemeka vipi? Kwa muda mrefu au mfupi?

"Mfupi," baba alisema. "Kinapumzika. Kinarudi."

"Mara ngapi?"

"Saba."

Alijibu haraka mno, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha tukasikia alichokisema, sisi wote watatu. Baba akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, akaitoa simu yake na kuiweka mezani taratibu kama yai.

"Alinipigia mara saba," akasema. "Mama yake huyu. Nilikuwa Migori nimeshika maiki. Ilikuwa inatetemeka hapa, na mimi nilikuwa namsifu mtu nisiyemjua."

Sijui ni nani aliyewahi kusema kwamba wanaume wakilia hulia kimya. Baba alilia kama jenereta iliyotiwa maji kwenye mafuta: ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, halafu yote ikawaka kwa pamoja. Niliingia chini ya mkono wake kama nilipokuwa mdogo. Kaunsela hakumtolea methali. Alisogeza karatasi za chooni karibu, akasubiri, na baadaye sana akasema kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumhakikishia kuwa angefika kwa wakati hata kama angepokea ile ya kwanza, wala kuwa asingefika, na kwamba kutojua huko ndiko kulikokuwa kunamlalia kifuani. Akamwambia na vidonge visiachwe. Alisema huzuni ndiyo iliyomfanya avitupe vidonge, kukosa vidonge kukapandisha presha, presha ikamletea pumzi fupi na woga, woga ukamnyima usingizi na chakula, na mwili uliodhoofika ukawa hauna nguvu ya kuibeba ile huzuni. Baba, aliyelima kwa maksai ujana wake wote, akasema ameelewa: ni ng'ombe wawili kwenye nira moja, mmoja akilala, mwingine halimi hata umchape vipi. Na sisi, kwa miezi mingi, tulikuwa tumemchapa mmoja tu. Kwa vidonge vya taifodi.

Alhamisi ya tano tulikuta sista msimamizi anatungoja mlangoni. Alitusalimia kwa adabu, akatuomba tutazame chumba cha kusubiria. Wagonjwa walikuwa wamesimama wamejipanga ukutani, na katikati ya chumba viti vyetu vinne vilikuwa vitupu, migongo yote imegeukia mlango. PUMZIKA KWA AMANI, mara nne.

"Emsii," sista alisema, "wagonjwa wangu wanashukuru, lakini hawako tayari bado. Jana mama mmoja alikuja mara yake ya kwanza, akasoma kiti, akarudi nyumbani. Tafadhali."

Nilitamani sakafu ipasuke. Hilo ndilo tatizo la akili ya biashara, haikuambii mteja wako atakuwa nani. Baba alipomaliza kikao chake alivibeba vyote pamoja na kile cha tano, vimepandana kama mnara, na tukatoka navyo mchana kweupe, kutoka kwenye ule mlango, hadi getini. Kila mtu alitazama. Pale getini akatukuta mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya huko kwetu, mzee wa utani mwingi, ambaye popote aendapo hubeba chupa ya maziwa kwa ajili ya alsa, vidonda vya tumbo vilivyomshika tangu wanawe waanze kukatana mapanga kwa sababu ya shamba. Alikuwa amekuja kumulikwa tumbo, mara ya sijui ngapi.

"Emsii," akasema kwa sauti yake ya uwanjani, "kwani siku hizi hata wendawazimu wanakodi viti?"

Walinzi wakacheka. Watu wa bodaboda wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri kabisa, kwamba palikuwa na semina. Baba akaweka mnara wake chini.

"Hawakukodi, omera, ndugu yangu. Ni mimi nilikuwa nakuja. Leo ni Alhamisi ya tano."

"Kufanya nini?"

"Kuongea. Mke wangu alinipigia siku ile, sikushika. Ikakaa hapa kifuani, na mimi nikaiita taifodi."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alifungua chupa yake, akaifunga. Ndipo akamsogelea baba, na kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, akauliza kama huko ndani wanaandika jina la mtu.

"Wanaandika," baba akasema.

"Lote?"

"Lote. Mlango wa mwisho, upande wa kulia. Mwambie nyathina nimekutuma mimi."

Mwenyekiti hakusema ataenda. Alisema tumbo lake ni la kumulikwa, si la kuongea. Lakini tulipokuwa tunafunga viti kwenye boda nilimwona bado amesimama pale, ameikumbatia chupa, anatazama upande wa kulia.

Siku hiyo hatukuenda nyumbani moja kwa moja. Baba alisema ana njaa. Alilisema neno hilo kwa mshangao, kama mtu aliyeota neno la lugha asiyoijua. Tukaingia kibanda kimoja karibu na ziwa, akaagiza ngege mzima wa kuchemsha, akala upande mmoja, akageuza, akala upande wa pili, akaingia kwenye kichwa. Katikati ya kichwa akanyoosha mkono kuchukua chumvi. Nikaivuta. Akaniambia nirudishe. Nikamwambia presha yake haijaisha, daktari alisema. Akasema daktari hajawahi kula ngege bila chumvi. Nikasema basi na amuulize. Akasema mimi nina kichwa kigumu kama mama yangu, nikasema na yeye ana masikio kama jenereta, na mwenye kibanda akatuomba tupunguze sauti kuna wateja. Tuligombania chumvi hiyo hadi ugali ukapoa, na sijawahi kufurahia ugomvi namna ile.